Mdomo wa Sokoni Usiuache Mlangoni

Mdogo wangu, sogea hapa karibu na yaya wako tuongee. Jumbe zenu nimezisoma, na kutoka Kavimvira mpaka Baraka kilio ni kimoja. Mlikwenda ajansi ya simu mkitaka kuacha kasimu ka tochi mpate simu kubwa, au kubadilisha forfe, au kuchukua simu ya kulipa polepole. Mkatoka mmekasirika, mmeacha pale pesa ambayo hamkuipanga, na ukweli ni kwamba mpaka leo hamjui vizuri mlikubali nini. Wengine mnajiita wajinga. Neno hilo liacheni, yaya wenu hataki kulisikia. Kilichowapata ni haya, na haya imetula pesa nyingi kwenye mwambao huu kuliko wezi wa mfukoni.

Hebu nikuulize. Asubuhi pale Kalundu, wavuvi wakirudi, wewe unanunua ndagala namna gani? Unashika, unanusa, unauliza bei, unaicheka hiyo bei, unaondoka hatua tatu, unaitwa, unarudi. Ukishapimiwa unadai nyongeza, na nyongeza ikishatiwa unaomba nyingine ya mtoto. Sijaona mama wa Uvira anayefungua mkoba kwa bei ya kwanza. Lakini mama huyohuyo, akiingia kwenye chumba chenye feni, akakuta kijana mwenye fulana ya kampuni anayechanganya Kifaransa, anapoa kabisa. Anaambiwa weka sahihi hapa, anaweka. Anaambiwa bonyeza moja, anabonyeza. Nyuma yake kuna watu kwenye mstari, na anaogopa wasije wakasema huyu ametoka mlimani lini. Ule mdomo wa sokoni ameuacha mlangoni pamoja na vumbi la viatu.

Najua haya hiyo inatoka wapi. Karatasi imeandikwa Kifaransa, na wengi wetu shule tuliiacha njiani, vita ikatukimbiza, mwaka mmoja huku na mwaka mwingine ng'ambo ya ziwa. Hata aliyesoma, kontra ya simu imeandikwa kwa maneno ambayo hata mwalimu anayasoma mara mbili. Sasa sikiliza. Ukiwa mbele ya ile meza, sema hivi bila kutetemeka: "Ndugu, nielezee kwa Kiswahili, polepole." Huombi msaada wala hujidhalilishi. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha kwanza kabisa, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Kama kampuni inaweza kupaka rangi ukuta mzima wa barabara na maneno ya Kiswahili ya kukuvuta uingie, basi inaweza pia kukuambia kwa Kiswahili deni lako litakwisha mwezi gani. Wa nyuma wakinung'unika, waache wanung'unike. Kuuliza si ujinga, na hao wanaonung'unika hawatakusaidia kulipa.

Halafu kuna wale wadogo zangu wenye damu ya moto. Nyie hamnyamazi, nyie mnapiga meza. Unafika, unaambiwa ile bei uliyoiona kwenye tangazo ilikwisha wiki iliyopita, au ile simu imebaki ya rangi nyingine tu na ina bei nyingine, na tayari sauti imepanda. Unamtukana yule binti aliyekaa pale. Mdogo wangu, huyo binti hakupanga bei. Bei inapangwa mbali, Kinshasa au mbali zaidi, na yeye anaisoma kwenye kompyuta yake kama unavyoisoma wewe. Pengine ni mtoto wa jirani yako wa Mulongwe, na usiku atamsimulia mama yake mambo uliyomwambia. Lakini si adabu peke yake inayonifanya nikukataze. Nimewaona wengi: mtu akishapiga kelele mbele ya watu, anaona aibu kuondoka mikono mitupu. Anataka kuonyesha kwamba hakukosa pesa. Basi ananunua ile simu ya bei kubwa ambayo dakika kumi kabla alikuwa anaikataa. Hasira yake imemuuzia simu kuliko tangazo lolote. Ukiona moyo unapanda, toka nje, nenda kanunue maji, rudi kesho. Ajansi haina magurudumu.

Hasira nyingine naielewa zaidi, hiyo ya mteja wa zamani. Mnaniambia: "Yaya, mimi nambari hii ninayo tangu wakati wa Celtel, na leo aliyeingia jana anapewa mega za zawadi, mimi napewa nini?" Ninakuelewa kabisa. Celtel ilianza hapa Congo mwaka 2000, ikageuka Zain mwaka 2008, ikageuka Airtel mwaka 2010, na wewe na nambari yako ya 099 mmepita majina yote hayo bila kuhama. Wengine mko na Vodacom tangu ilipoingia mwaka 2002. Mmewafuata wakati mtandao unashika juu ya mti wa mwembe tu. Inauma kuona zawadi zinakwenda kwa mgeni. Lakini nikuambie ukweli ambao hautapendeza: kampuni haikai ikakumbuka. Kwake mteja aliyekwisha kuingia ni mali iliyo ndani ya nyumba, na matangazo yanatafuta walio nje. Usingoje upendo pale. Ngoja hesabu. Ukienda kuomba forfe nzuri, usiseme "nimekaa nanyi miaka mingi," sema ninaingiza inite kiasi fulani kila mwezi, na nambari ya mtandao mwingine ninayo mfukoni. Maneno ya namna hiyo wanayasikia.

Hiyo nambari ya pili ndiyo nguvu yako, na wengi hamuioni kama nguvu. Hapa kwetu nani ana sim moja? Tunatazama mwanzo wa nambari tu tunajua: 081 na 082 ni Vodacom, 097 na 099 ni Airtel, 084, 085 na 089 ni Orange. Na walio Kavimvira wana sim ya Burundi pia, kwa sababu ya biashara ya Bujumbura, na kwa sababu karibu na mpaka simu yenyewe inarukia mtandao wa ng'ambo bila kukuuliza. Hilo la kurukia liangalie sana, zima uzururaji wa mtandao kwenye simu, maana inite zinaweza kwisha nawe umelala. Lakini nasema hivi: Mzungu wa Ulaya akitaka kuwatisha kampuni yake anaandika barua ya kuvunja mkataba. Wewe unayeingiza inite tu huna mkataba wa kuvunja. Unaingiza inite zako upande mwingine, kimya kimya, mwezi mmoja, miwili. Kisha unatazama kama ujumbe wa "tumekukumbuka, pokea mega za bure" hautakuja. Mara nyingi unakuja.

Sikudanganyi kwamba nguvu hiyo inatosha kila siku. Mwaka 2016 makampuni yalipandisha bei ya mega karibu kwa pamoja, na aliyekimbia huku akakuta huko nako ni kulekule. Siku ya namna hiyo sim ya pili haikusaidii, inabaki sauti ya watu wengi. Nitalirudia hilo mbele.

Sasa tufike kwenye kidonda chenyewe, simu ya kulipa polepole. Mambo haya yameenea Afrika Mashariki yote na yanazidi kutusogelea, na hata pasipo na kampuni, kuna mwenye butiki anayekupa simu leo na kuandika jina lako kwenye daftari. Sikatazi. Simu nzuri ni chombo cha kazi. Mama anayeuza vitenge anapiga picha, anatuma kwa wateja wake wa Bujumbura, na bidhaa imekwisha kabla hajapanda taksi. Mwanafunzi anasoma. Mwenye ndugu Marekani anamwona uso. Lakini wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na hawakuwa na utani.

Fanya hivi. Kabla hujagusa hiyo simu, kabla hujaona jinsi inavyong'aa, uliza bei yote. Usiulize "kwa wiki ni ngapi." Wenyewe wanataka uulize kwa wiki, kwa sababu kwa wiki ni kidogo. Tuseme wamekuambia toa dola 20 leo, kisha dola 2 kila wiki kwa mwaka mmoja. Dola 2, nani anashindwa? Sasa kaa chini na kalamu. Wiki za mwaka ni 52, mara mbili ni dola 104, ongeza zile 20 za mwanzo, jumla 124. Kisha toka, tembea hatua chache mpaka kwenye butiki nyingine, uliza simu hiyohiyo kwa pesa taslimu. Ukiambiwa 80, basi ule uvumilivu wao unakugharimu dola 44. Pengine kwako ni sawa, kwa sababu 80 kwa mara moja huna na hutazipata. Ni haki yako kukubali. Lakini kubali ukijua, usije ukajua mwezi wa tisa ukiwa unalia.

Na uliza ni dola au ni franka. Wewe unauza kwa franka ya Congo, siku nyingine kwa franka ya Burundi, deni limeandikwa kwa dola. Dola ikipanda, deni lako limepanda nawe umekaa nyumbani hujafanya kitu. Uliza watahesabu kwa bei ipi ya dola, ya kambisti wa barabarani au yao wenyewe. Hapo ndipo wengi mnapoteza, kidogo kila wiki, na hamhisi.

Nitakusimulia jambo la Kenya ili uone hesabu inavyokwenda. Mwezi wa saba mwaka 2020, Safaricom pamoja na Google walianzisha mpango wa Lipa Mdogo Mdogo: shilingi 1,000 za mwanzo, kisha shilingi 20 kwa siku, kwa miezi tisa hivi. Shilingi 20 ni pesa ya kununua mandazi. Lakini zikusanye: siku 270 mara 20 ni 5,400, na zile 1,000, inafika 6,400. Watu wengi walipata simu yao ya kwanza ya intaneti kwa njia hiyo, na nawapongeza. Ila simu za namna hiyo zina kufuli ndani yake. Usipolipa, zinajifunga zenyewe. Hakuna anayekuja kugonga mlango, hakuna kelele. Unaamka asubuhi, unataka kumpigia mteja, kioo kinakuambia lipa kwanza.

Sasa wewe mke wa mvuvi, au wewe unayechuuza ndagala, fikiri vizuri. Kila mwezi mbalamwezi ikiwa kubwa, taa za mitumbwi haziwavuti samaki, wavuvi wanabaki pwani, na siku hizo sokoni unauza chumvi na sabuni tu. Kontra haijui mbalamwezi. Inataka pesa ya Jumatatu siku ya Jumatatu. Kwa hiyo swali la maana kuliko yote pale mezani ni hili: nikichelewa siku saba inakuwaje? Je, simu inafungwa siku ileile, au kuna siku za kusubiri? Kuifungua kuna faini? Pesa niliyokwisha kulipa inabaki yangu, au nikishindwa mwezi wa kumi wanachukua simu na pesa vyote? Na naweza kulipa mbele, wakati ndagala ni nyingi, ili siku za mwezi mpevu nipumzike? Muuzaji mwaminifu atajibu yote hayo bila kukunja uso. Akikunja uso, umeshapata jibu.

Ngoja niguse na jambo la moyo kidogo, kwa sababu siyo hesabu peke yake inayotuingiza huko. Baadhi yenu mmechekwa. Mlitoa kasimu ka tochi kwenye harusi, vijana wakaguna, na tangu siku hiyo usingizi umekuwa mgumu. Binti mwingine mchumba wake amemwambia hamwoni mtandaoni, basi anataka simu kwa kuogopa kuachwa. Ninakuonea huruma, mdogo wangu, kwa kweli. Lakini mtu anayekupima kwa simu, ukimnunulia simu atakupima kwa nguo, ukimnunulia nguo atakupima kwa nyumba. Na deni litabaki lako peke yako. Kama unataka simu kwa sababu hiyo, subiri mwezi mmoja. Usiponunua na ukagundua bado unakula, bado unacheka, bado watu wako wanakupenda, utakuwa umeokoa pesa ya mfuko wa unga.

Na sasa neno kwa familia zenye watu ng'ambo, maana ugomvi wa mwaka huu mwingi unatoka huko. Watu wetu wa Uvira na Fizi wako Marekani, wako Ulaya, wengi walipitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla ya kupelekwa mbali. Nyumbani tunasikia kwamba kule mtu anapewa simu mpya "bure" anapoongeza mkataba. Tunangoja ile ya zamani. Haiji, tunasema shemeji ana roho ngumu. Au inakuja, tunaingiza sim ya hapa, inakataa. Tunasema ametutumia kitu kibovu makusudi. Undugu unaharibika kwa sababu ya kipande cha kioo.

Nikueleze inavyokwenda ili umhurumie. Kule Marekani, kampuni kubwa kama AT&T na Verizon hugawanya bei ya simu kwa miezi 36, na T-Mobile kwa miezi 24. Hilo neno "bure" maana yake ni kwamba kila mwezi wanamwandikia bei kwenye fakture, kisha mwezi huohuo wanamwondolea kama zawadi. Akitoka kabla ya miezi kwisha, zawadi inakatika na deni lililobaki linamwangukia. Na mara nyingi, ili aipate hiyo zawadi, lazima arudishe simu yake ya zamani kwenye kampuni. Ile simu unayoingoja wewe ndiyo aliyoitoa kulipia mpya. Hakukunyima. Kontra ndiyo iliyoichukua. Naye anakwenda ajansi yake, anapiga mstari, anaongea Kiingereza ambacho bado kinamsumbua, anatoka amekubali kitu ambacho hakukielewa, sawasawa na wewe wa Kalimabenge. Mko kwenye mashua moja.

Kama simu inakuja kweli, muombe mambo mawili kabla hajaitia kwenye sanduku la msafiri. La kwanza, aulize kampuni yake kama simu imefunguliwa kwa mitandao yote, maana wengine hawafungui mpaka deni la simu liishe lote. La pili, kama ni iPhone, atoe akaunti yake mwenyewe ndani ya simu kabla ya kuifuta. Asipoitoa, ikifika hapa itakuomba nenosiri la huyo shemeji, na usiku huo yuko kazini hashiki simu. Hakuna fundi wa barabarani atakayekusaidia kwa uaminifu. Atakula pesa yako, kisha atakuambia rudi kesho.

Na nyie mlio Ubelgiji mnaosoma haya, yaya wenu amesikia kwamba mnakaa kwenye mikataba mibaya kwa hofu tu. Kule tangu mwaka 2012 sheria inamruhusu mteja wa kawaida kuvunja mkataba wa simu bila faini baada ya miezi sita. Kama simu ulipewa kwa bei ya chini pamoja na mkataba, utalipa thamani yake iliyobaki, na hiyo inapaswa kuwa imeandikwa kwenye jedwali tangu mwanzo. Itafute hiyo karatasi. Usiogope kwa sababu makaratasi yako ya ukaazi bado hayajakamilika. Mambo hayo mawili hayahusiani.

Narudi nyumbani. Kuna mambo madogo ambayo mkiyafanya mtaniokolea machozi. Ukinunua simu, bonyeza *#06# ukiwa bado ndani ya butiki. Zitatokea tarakimu 15. Linganisha na zilizoandikwa kwenye kartoni na kwenye fakture. Zisipolingana, rudisha, usisikilize hadithi. Fakture dai kila mara, hata kama ni ya mkono, na iandikwe tarehe, bei na garanti ya muda gani. Ukibadilisha sim ya zamani upate ya mtandao wa kasi zaidi, fanya hivyo ajansi yenyewe, na kadi yako ya uchaguzi mkononi. Usifanye kwa kijana anayetembea na mwavuli ambaye humjui, kwa sababu pesa zako za M-Pesa, Airtel Money au Orange Money zinafuata ile nambari, na mwenye sim ndiye anayezishika. Nambari ya siri haulizwi na mfanyakazi yeyote, awe amevaa fulana nyekundu au ya machungwa. Anayeiuliza ni mwizi, hata kama ana sauti tamu na anakuita mama. Na kabla ya kulipia simu ya 4G, uliza kama kijiji chako kina 4G. Unayekaa juu milimani utalipia kasi ambayo haitapanda kukufikia, wakati ulichohitaji ni betri ya kudumu siku mbili umeme ukipotea.

Nilisema nitarudi kwenye sauti ya watu wengi. Mnakumbuka yale makato ya RAM? Septemba 2020 inite zetu zilianza kukatwa, dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 3G na zaidi, dola 1 kwa simu ya 2G, eti kwa ajili ya rejista ya simu, kupambana na simu bandia na za wizi. Mtu anaingiza inite asubuhi ampigie mtoto aliye hospitali, anakuta zimeliwa. Watu wengi walidhani ni ajansi imewaibia, wakaenda kuwatukana wale wasichana wa mezani, wakati makato yalitoka serikalini. Lakini kelele hazikuishia mezani. Vyama vya raia vilisema, mabarabarani watu walisema, mwaka 2021 wabunge kule Kinshasa wakamkalia waziri, na mwanzoni mwa 2022 makato yakaondolewa. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kulalamika ni kazi bure. Kulalamika ovyo ndiko kazi bure.

Lalamika hivi: andika tarehe, saa, kiasi kilichokatwa, na ujumbe ulioupokea usiufute. Nenda ajansi asubuhi, kabla watu hawajajaa na kabla huyo binti hajachoka. Mwite dada, msalimie, muulize habari za nyumbani, kisha mweleze. Dai malalamiko yako yaandikwe na upewe nambari yake. Ukirudi mara ya pili, rudi na nambari hiyo, usianze hadithi upya. Wakikuzungusha, jua kwamba juu yao iko ARPTC, mamlaka ya posta na simu iliyoundwa kwa sheria ya Oktoba 2002. Iko mbali, ndiyo, Kinshasa si Kiliba. Lakini barua yenye majina ya watu arobaini wa mtaa mmoja ina uzito ambao barua yako peke yako haina. Kikundi cha akina mama wa likelemba kinaweza kuandika barua hiyo Jumapili baada ya misa, au Ijumaa baada ya sala.

Sasa wewe uliyekwisha kuweka sahihi, ambaye umesoma mpaka hapa ukijishika kichwa. Tulia. Yaliyopita hayarudi, lakini yaliyobaki yanaweza kupangwa. Kesho chukua ile karatasi, mtafute mtu anayesoma Kifaransa vizuri na asiye na mdomo mrefu, mwalimu au katibu wa parokia, akusomee yote. Andika pembeni kilichobaki kulipwa. Kama kilichobaki ni kidogo, jibane umalize, maana dawa ya deni ni kulipa, na simu itakuwa yako. Kama ni kingi kuliko thamani ya simu, nenda uwaambie wazi kwamba huwezi, uulize ukiirudisha leo utadaiwa nini, na wakuandikie jibu. Usiikimbie kwa kuzima simu na kuhamia sim nyingine. Usichukue mkopo wa inite kulipia forfe, na usichukue mkopo wa simu nyingine kulipia ya kwanza, hapo utakuwa unajichimbia. Na usimuuzie rafiki simu ambayo bado ina deni bila kumwambia, kwa sababu siku itakapojifunga mkononi mwake utakuwa umepoteza simu na rafiki.

Na kama pesa za mwanzo ulizitoa kwenye zile za mtaji wa mama, mwambie leo, kabla hajahesabu mwenyewe. Atakasirika, atasema maneno yake yote, pengine hatakupa chakula cha jioni kwa mkono wake. Kaa umsikilize mpaka amalize. Kisha mwonyeshe ile karatasi uliyoandika, kilichobaki na siku utakazolipa, na muulize yeye anayejua kununua ndagala angewaambia nini wale watu wa ajansi. Mkienda kuzungumza nao, mwende wote wawili.